Mtoto hasikii fimbo, anapiga wenzake na anaiba: ndani ya nyumba panaharibika wapi?

Mwl_Unasihi

Salaam wadau. Ninaandaa kikao cha wazazi wa darasa la tatu hadi la tano, shule ya msingi ya kutwa, mjini. Nimepewa saa moja na nusu. Mada ya kamati ni "malezi na maadili", na vikao vya namna hiyo huishia kwenye lawama: walimu wanawalaumu wazazi, wazazi wanalaumu simu na utandawazi, watu wanatawanyika na hakuna kinachobadilika nyumbani.

Watoto ninaowazungumzia wana miaka 8 hadi 12, na siongelei utukutu wa kawaida. Wanapiga wadogo karibu kila siku. Wanachukua vitu vya wenzao na kukana hata kitu kikiwa mfukoni mwao. Wanatoroka baada ya mapumziko ya saa nne. Wachache wanaumiza wanyama. Karibu wote wanachapwa nyumbani, na wazazi wao wana sentensi moja: "Tumempiga mpaka tumechoka, amekuwa sugu."

Naomba msaada kwa mambo matatu. Ni kipi hasa katika malezi kinachomfikisha mtoto hapo? Mzazi aanze na nini wiki hiihii, kwa hatua? Na ni wakati gani jambo limeshatoka kwenye malezi, ni la hospitali au la ustawi wa jamii?

Mkufunzi wa Malezi

Mwalimu, nitajibu kwa kirefu hayo mawili ya kwanza, maana wazazi wengi hupewa nusu ya jibu.

Anza kwa kuwaambia kwamba hakuna mtoto anayefundishwa kupiga. Richard Tremblay na wenzake wa Montreal walifuatilia maelfu ya watoto wa Canada tangu wakiwa wadogo kabisa, wakakuta kwamba umri ambao binadamu hupiga, hung'ata na kunyang'anya kuliko umri mwingine wowote ni kati ya miaka 2 na 4. Baada ya hapo inapungua, kwa sababu mtoto anajifunza njia nyingine za kupata anachotaka: kuomba, kusubiri, kubadilishana, kulalamika kwa maneno. Kwa hiyo kwa huyu wa darasa la nne anayepiga bado, cha kuuliza ni kwa nini kupiga kumeendelea kumfaa nyumbani mpaka leo.

Jibu liko kwenye matukio madogo ya kila siku. Chukua hili. Saa kumi na mbili na nusu jioni, mama anasonga ugali. Anaita kutoka jikoni, "Zima tivii ukaoge." Mtoto kimya. Anaita tena, sauti imepanda. "Nakuja." Haji. Mara ya nne mama anafoka, anataja fimbo, anamtaja baba. Mtoto naye anafoka, anatupa rimoti, anampiga teke mdogo wake aliyekaa mkekani, mdogo anaangua kilio. Ugali unashika chini. Mama anasema, "Haya, kaa na uchafu wako, utajijua." Kelele zinaisha.

Sekunde ile ya mwisho ndiyo iliyofundisha. Mtoto amejifunza kwamba akipandisha fujo vya kutosha, amri inaondolewa. Mama naye amejifunza kwamba akiiacha amri, anapata utulivu. Wote wawili wamelipwa, na kesho wote watarudia. Gerald Patterson na wenzake huko Oregon, Marekani, walipeleka watazamaji majumbani wakaandika mambo haya tendo kwa tendo, nani kasema nini na mwenzake kajibu vipi, na kitabu chake cha 1982 kimejengwa juu ya mzunguko huo. Waliona pia kwamba katika nyumba za watoto wakorofi hata tendo zuri halionekani: mtoto akicheza kwa utulivu nusu saa hakuna anayesema neno, akipiga kelele ndipo anapata uso wa mzazi.

Siku nyingine mama anashinda. Anaingia na mwiko, anampiga, mtoto anakwenda kuoga analia. Wazazi huiona hiyo ndiyo siku nzuri. Ni somo lilelile limegeuzwa: anayekwenda mbali zaidi ndiye anayepata. Na kwa kuwa leo kashinda mama, jana alishinda mtoto, mtoto anajua kwamba kujaribu kunalipa siku kadhaa kwa wiki. Tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kufuta kuliko inayolipwa kila siku, kwa sababu akikosa leo anaamini kesho huenda akapata. Hapo ndipo "sugu" anapotengenezwa. Mzazi anapaswa kuongeza nguvu ya fimbo kila mwezi ili apate matokeo yaleyale, na mtoto anaongeza uvumilivu.

Kisha anaingia darasani na mbinu hizo. Anataka penseli, ananyang'anya. Akikataliwa zamu, anasukuma. Wenzake wanamkwepa, mwalimu anamhamishia nyuma, masomo yanaanguka. Anapofika miaka 10 au 11 wanaokubali kukaa naye ni wenzake waliokataliwa kama yeye, na hapo kila mmoja anacheka na kusifia ukorofi wa mwenzake. Ukimpata darasa la tatu una kazi na nyumba moja. Ukimpata kidato cha kwanza una kazi na nyumba pamoja na kijiwe kizima.

Neno moja kwa ajili ya haki ya wazazi. Wapo watoto wanaozaliwa wagumu: wanalia zaidi, hawalali, wanachukia mabadiliko, hawasomi hatari. Nyumba hiyohiyo yenye mama huyohuyo inalea dada yake bila shida. Malezi ya kawaida yangemtosha dada. Huyu anahitaji malezi yenye mpangilio kuliko kawaida. Liseme wazi kikaoni, vinginevyo wazazi watajifunga masikio.

Sasa hatua. Ziende kwa mpangilio huu, maana wengi huanza na adhabu na kila kitu kinakwama.

Wiki mbili za kwanza ni za kujenga uhusiano tu. Dakika 10 hadi 15 kila siku, mzazi mmoja na mtoto huyo, mtoto anachagua shughuli, simu iko mbali. Mzazi haamuru, haulizi maswali ya shule, hasahihishi. Anafuata na anataja anachokiona: "Umepanga hizo kopo kubwa chini." Mama lishe anayerudi saa mbili usiku atumie dakika za kuosha vyombo pamoja, au njia ya kwenda shule asubuhi. Sharti ni kwamba muda huu haunyang'anywi kama adhabu. Wazazi wengi hukosea hapa: mtoto akikosea mchana, jioni wanamnyima. Wanakuwa wamekata kitu pekee kinachofanya maneno yao yawe na uzito.

Katika wiki hizohizo, mzazi asifie tendo ndani ya sekunde chache na alitaje: "Umemwachia mdogo wako kiti, vizuri." Lenga sifa nne au tano kwa kila karipio moja. Kwa mtoto aliyezoea kukaripiwa, sifa za kwanza zitapokelewa kwa mashaka au kejeli. Ziendelee.

Baada ya hapo, amri. Mfuate mtoto alipo, umbali wa mkono. Taja jina lake, sema jambo moja kwa maneno machache, sema afanye nini badala ya asifanye nini. "Zima tivii, nenda kaoge." Nyamaza, uhesabu moyoni mpaka kumi. Ukimya huo ni mgumu kwa mzazi kuliko hatua zote, lakini ukirudia amri mara nne unamfundisha kwamba tatu za kwanza si za kweli. Akitii, sifa. Asipotii, onyo moja linalotaja matokeo: "Usipozima sasa, leo tivii imeisha." Hesabu tena. Kisha tekeleza bila hotuba.

Matokeo yawe madogo, ya siku hiyohiyo, na yanayowezekana. "Hutoki nje mwezi mzima" haitekelezeki. Siku ya tatu mama mwenyewe atamtuma gengeni. Chakula kisiguswe kamwe. Na kumfungia mtoto nje usiku ni kumkabidhi kwa watu walio nje usiku.

Kwa watoto chini ya miaka 8 au 9 waliopiga mtu, kukaa pembeni kunafaa: kwenye mkeka, ndani ya upeo wa macho, takriban dakika moja kwa kila mwaka wa umri, bila mtu kumsemesha. Stoo yenye giza haifai. Akimaliza kwa utulivu, imekwisha, hakuna kusomewa mashtaka upya.

Waonye wazazi juu ya kitu kimoja kabla hawajaanza. Mzazi akiacha kushindwa na kelele, kelele zitaongezeka kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla hazijashuka. Mtoto anatumia silaha iliyomfaa siku zote, safari hii kwa nguvu zaidi. Mzazi asiyeambiwa hili huona mbinu imeshindwa, anaachia siku ya nne, na siku hiyo anakuwa amemfundisha kwamba fujo ya kiwango kipya ndiyo inayolipa.

Ustawi_Kata

Namuunga mkono Mkufunzi. Niongeze upande ambao nyumba zetu zinatofautiana na nyumba za Oregon: mlezi si mmoja.

Mtoto wa mjini analelewa na mama, baba anayerudi saa tatu usiku, dada wa kazi mwenye miaka 17, bibi na mjomba anayelala sebuleni. Kila mmoja ana sheria zake. Mama anakataza, bibi anampa kwa siri, mjomba anacheka, baba anachapa jioni kwa kosa la asubuhi ambalo mtoto ameshalisahau. Ile kauli ya "subiri baba yako arudi" ina hasara mbili. Inamwambia mtoto kwamba mama hana mamlaka, na inamfanya baba kuwa mtu wa kuogopwa tu, ambaye mtoto hawezi kumpelekea tatizo.

Dawa yake ni kikao cha walezi wote wa nyumba hiyo, mtoto akiwa hayupo, nusu saa. Wakubaliane sheria tatu tu, kwa maneno yaleyale. Mfano: hakuna kumpiga mtu, kila kitu cha mwenzako huombwa, saa kumi na mbili jioni uko ndani. Zibandikwe ukutani. Dada wa kazi aambiwe mbele ya mtoto kwamba ana haki ya kuzisimamia. Bibi asivuliwe heshima yake. Apewe kazi ya kusifia na ya kupokea habari njema za shuleni, maana bibi akiona ametengwa ataendelea kumficha mjukuu chini ya khanga yake.

La pili ni saa zisizo na mtu. Chora siku ya mtoto kwenye karatasi. Shule inaisha saa nane na nusu mchana, mama anafika saa moja usiku. Hapo kuna saa nne na nusu ambazo hakuna mtu mzima anayejua mtoto yuko wapi. David Farrington na Donald West walifuatilia wavulana 411 wa kusini mwa London tangu 1961, na usimamizi hafifu wa wazazi katika umri wa miaka 8 hadi 10 ulikuwa miongoni mwa dalili zilizotangulia hukumu za ukubwani, pamoja na adhabu kali isiyotabirika, ugomvi wa wazazi na umaskini. Kila Panya Road, vile vikundi vya vijana wahalifu, wanapoibuka Dar es Salaam, kama mwanzoni mwa 2015 na tena 2022, watu huuliza wazazi wako wapi. Muda wa kuuliza hilo ni mtoto akiwa na miaka 9, saa tisa alasiri.

Kuliziba pengo si lazima kuwe na fedha. Mtu mzima mmoja mwenye jina, jirani au shangazi, ambaye mtoto anaripoti kwake akitoka shule. Madrasa, tuisheni, kwaya au timu yenye kocha anayehesabu waliofika. Kisha mzazi ajue mambo manne kila siku: yuko wapi, na nani, anafanya nini, anarudi saa ngapi.

Hapa wazazi hukosea kwa kugeuka polisi. Håkan Stattin na Margaret Kerr, katika utafiti wao wa Sweden uliotoka mwaka 2000, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya anayoyajua mzazi kuhusu mtoto wake hutokana na mtoto kusimulia mwenyewe, kuliko upelelezi. Mtoto husimulia kwa mtu ambaye mara ya mwisho hakumgeuzia habari hiyo kuwa kipigo. Kwa hiyo weka kanuni nyumbani: ukisema ukweli kabla sijagundua, matokeo yanapungua nusu. Na ipunguzwe kweli.

La tatu ni watoto wanaozungushwa. Akisumbua anapelekwa kwa babu kijijini, mwaka mmoja baadaye kwa shangazi, kisha anarudishwa. Kila nyumba inaanza upya, na mtoto anajifunza kwamba hakuna anayemvumilia hadi mwisho. Kama kuhama hakuepukiki, awepo mtu mzima mmoja asiyebadilika, anayempigia simu siku ileile kila wiki, na barua ya mwalimu imfuate shule mpya.

Kuhusu wazazi waliotengana, usiwahukumu kikaoni. Kinachomdhuru mtoto zaidi ni ugomvi anaouona, uwe ndani ya ndoa au nje yake. Nyumba yenye baba na mama wanaopigana inaweza kumwandaa vibaya kuliko mama mmoja mwenye utulivu.

Baba Wawili

Wakuu, nimesoma yote kwa heshima. Lakini wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Watu wengi sana walichapwa na wakawa raia wema. Mkiwaambia wazazi waweke fimbo chini, watoto hao hawatazidi?

Mkufunzi wa Malezi

Ndugu, hoja yako ndiyo itakayoulizwa kwanza kikaoni, bora ijibiwe vizuri.

Mama wa kwenye ule mfano wa ugali ndiye aliyemchelea mwana kulia. Aliogopa kelele, akaondoa amri. Anayesimamia alichosema bila kufoka ndiye asiyechelea kilio, na hilo halihitaji fimbo.

Ni kweli wengi walichapwa na wakawa watu wema. Ukichunguza nyumba hizo utakuta mara nyingi kulikuwa na mengine: walezi walioonekana kila siku, majirani wote wakimjua mtoto wa nani, sheria zisizobadilika, kazi za nyumbani zenye ratiba, upendo usio na shaka. Hayo ndiyo yaliyobeba mzigo. Leo yametoka, imebaki fimbo peke yake.

Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya mwaka 2016 tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000. Kupigwa na mzazi kuliendana na ukorofi zaidi, si pungufu. Ni kweli pia kwamba watoto wakorofi huvuta fimbo zaidi, kwa hiyo mshale unakwenda pande zote mbili, lakini hata watoto walipofuatiliwa kwa muda, kupigwa hakukuonekana kuwapunguzia ukorofi. Fimbo inazuia kosa mbele ya mpigaji, siku hiyo. Haimwonyeshi mtoto afanye nini wakati mwingine, na inamfundisha kuangalia nani yupo kabla ya kukosea. Ndiyo maana wazazi husema "nyumbani ni mpole, sijui shuleni mnamfanyaje".

Na sheria ijulikane. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, na inasema marekebisho yoyote yanayozidi kiasi kulingana na umri na hali ya mtoto hayakubaliki. Kuchoma mikono kwa kiberiti kwa sababu ya wizi, kufunga kamba, kumnyima mtoto chakula, hayo ni makosa ya jinai hata kama nia ilikuwa kumrudi mtoto.

Usimnyang'anye mzazi fimbo mkono ukiwa mtupu, hilo nakubaliana nawe. Akiiacha bila kupewa hatua zile za amri na matokeo, nyumba itavurugika na atairudia kwa hasira zaidi.

Mwl_Unasihi

Asanteni sana, hii naweza kuifanyia kazi. Yamebaki mawili. Wizi hautokei mbele ya mzazi, kwa hiyo hatua za amri hazifiki hapo, afanyeje? Na wapo wazazi wanaoomba polisi wamlaze mtoto mahabusu usiku mmoja "aone", wengine wanataka kumpeleka bweni la kurekebisha tabia. Mnasemaje?

Ustawi_Kata

Mwalimu, wizi una njia yake. Patterson mwenyewe aliona familia za watoto wezi zina sura tofauti na za watoto wapiganaji: ugomvi ni mchache, umbali ni mkubwa, hakuna anayefuatilia kitu kimetoka wapi.

Kwanza ondoa njaa. Uliza mtoto anakula nini kabla ya shule na ana kitu gani saa nne. Mtoto anayeiba andazi kila siku saa nne anahitaji uji kabla ya ushauri.

Pili, mzazi aache kuuliza "ni wewe uliyechukua?" wakati anajua. Swali hilo linazaa uongo, kisha kunakuwa na makosa mawili. Atangaze kanuni mpya siku ya utulivu: kila kitu kitakachoonekana kwako ambacho hakikununuliwa na sisi na hatuna maelezo yake kutoka kwa mwenyewe, kinahesabiwa kimechukuliwa. Hakuna kesi, hakuna mashahidi. "Nimeokota" na "nimepewa" havipokelewi bila mtu mzima kuthibitisha. Mfuko wa shule unakaguliwa kila jioni, kwa upole, mtoto akiwepo.

Tatu, kikionekana, siku hiyohiyo mtoto anakirudisha mwenyewe, mzazi amesimama naye, sentensi moja: "Nilichukua hiki, nakirudisha." Kama kimeharibika, anafanya kazi za nyumbani za ziada mpaka thamani yake ifikiwe, kitu cha shilingi 500 kiwe kazi ya jioni moja, si wiki. Mwenye mali asiruhusiwe kumpiga. Asitembezwe mtaani na kopo shingoni wala kuimbiwa mwizi paredi. Mtoto aliyepewa jina la mwizi mbele ya shule nzima hana cha kupoteza tena, na wanaomkaribisha baada ya hapo ni wale unaowaogopa.

Kuhusu mahabusu: hapana. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania mtoto chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kabisa, na chini ya 12 ni mpaka ithibitike alielewa ubaya wa tendo. Kenya, tangu Sheria ya Watoto ya 2022, umri wenyewe umepandishwa hadi 12. Sheria ya Mtoto pia inataka mtoto aliyezuiliwa asichanganywe na watu wazima. Na hata kama ingeruhusiwa, haifanyi kazi. Marekani walikuwa na programu za kuwapeleka vijana gerezani wakatishwe na wafungwa, maarufu ikiwa ile ya gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970. Tafiti zilizolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa zilionyesha waliopelekwa walifanya uhalifu zaidi.

Bweni la kurekebisha tabia lina hatari ya aina hiyohiyo: unakusanya wakorofi chini ya dari moja, wanafundishana. Huko Massachusetts mwaka 1939 ulianza mradi wa wavulana 506, nusu wakipewa walezi, ushauri na kambi, nusu wakiachwa. Joan McCord aliwafuatilia miaka 30 baadaye, akakuta waliosaidiwa wameharibika zaidi, hasa waliopelekwa kambi za likizo mara kwa mara. Nia ilikuwa njema kabisa. Kama unaunda kikundi shuleni, usikijaze wakorofi watupu. Weka wawili kati ya wanane, na mtu mzima akae nao muda wote.

Mzazi anayetaka polisi aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au apige 116, simu ya mtoto, ambayo ni bure. Kama mtoto mwenyewe ndiye anayeumizwa nyumbani, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Muuguzi Afya ya Akili

Nijibu lile swali la tatu. Kabla ya kusema malezi, angalia mwili. Mtoto mwenye usaha wa masikio wa muda mrefu hasikii nusu ya amri anazopewa. Simama nyuma yake, nong'ona jina lake, uone. Mtoto anayekodoa macho sekunde chache kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea huenda ana kifafa kisicho na kuanguka. Aliyewahi kupata malaria kali ya kupoteza fahamu anaweza kubaki na shida ya umakini na hasira. Uliza hilo kila mara, wazazi huwa hawaunganishi mambo hayo. Anayelala saa tano usiku kwa sababu sebule ndiyo chumba chake hapati saa 9 hadi 12 anazohitaji mtoto wa miaka 6 hadi 12. Wapo pia wenye usumbufu wa umakini na kutotulia, na wenye uelewa mdogo wanaoficha kutojua kusoma kwa kufanya fujo.

Kama tabia imebadilika ghafla, mtoto aliyekuwa mtulivu hadi muhula uliopita, usifikirie malezi kwanza. Tafuta tukio: msiba, kuhama, kipigo kipya nyumbani, kunyanyaswa kingono. Muulize peke yake, bila mzazi, kwa maswali yasiyompa jibu mdomoni.

Madaktari huita tatizo la mwenendo pale ambapo matendo kadhaa mazito, kama kupiga, kuiba, kuharibu mali, kutoroka, yamejirudia kwa muda wa mwaka hivi. Tendo moja baya si ugonjwa. Yanayohitaji rufaa bila kusubiri ni kuwasha moto kwa makusudi, kubeba silaha, kuumiza wanyama kwa kurudia, kuwalazimisha watoto wengine mambo ya kingono, na kusema anataka kufa. Anzia hospitali ya wilaya. Muhimbili, Mirembe, KCMC na Bugando zina huduma za afya ya akili. Na wazazi wasipokee jina la "mtu asiye na utu" kutoka kwa yeyote: utambuzi wa kitabibu wa ugonjwa huo wa haiba haupewi mtu chini ya miaka 18.

Kuna kundi dogo la watoto wasioonyesha majuto wala kuguswa na kilio cha mwenzao. Adhabu, kali au nyepesi, mara nyingi huwasogeza kidogo sana. Hao ndio wanaohitaji zaidi ule muda wa dakika 15 na sifa, pamoja na mtaalamu.

Mkufunzi wa Malezi

Mwalimu, kwa kikao cha dakika 90 usijaribu kuyasema yote haya. Dakika 15, wazazi wawili waigize ule mfano wa ugali, uwaulize ukumbi nani kafundishwa nini. Dakika 35, wafanye mazoezi ya amri wawiliwawili, mmoja mtoto mmoja mzazi, kisha wabadilishane. Hakikisha wanahesabu hadi kumi kwa sauti, wengi huishia nne. Dakika 20 wachore saa za mtoto na waandike jina la mtu mzima kwenye kila saa tupu. Zinazobaki ni za maswali, na ile ya fimbo itakuja.

Wape kila mmoja karatasi ya kuhesabu. Tabia moja tu, kwa mfano "amempiga mtu", alama kwa kila tukio, kila siku, kuanzia wiki moja kabla hawajabadilisha chochote. Bila wiki hiyo hawatajua kama imepungua, na kumbukumbu ya mzazi aliyechoka huhesabu siku mbaya tu. Nawe weka karatasi ya darasani ya mtoto huyohuyo. Mkutane baada ya wiki mbili, ya nne na ya nane. Ile wiki ambayo fujo zinapanda ndiyo wanayokata tamaa, kwa hiyo wapigie simu siku ya nne au ya tano baada ya kuanza hatua ya amri. Namba za nyumbani zikishuka na za shuleni zikabaki palepale, tatizo liko darasani au kwa marafiki. Zikikaa palepale kote mpaka wiki ya nane, na walezi wamefanya kweli, usiongeze adhabu; mpeleke kwa Muuguzi hapo juu akiwa na karatasi zote mbili mkononi.